Maisha ya Marconi, Mtu wa Simu ya Upepo

Muhula huu mwalimu wetu wa fizikia alitupa kazi ya kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi walimchagua Newton au Einstein. Mimi nilimchagua Guglielmo Marconi, Mwitaliano wa simu ya upepo, kwa sababu moja tu. Nilisoma katika kitabu ya kuwa kampuni yake iliwakataza wapiga simu wake kuongea na meli zenye mitambo ya watu wengine. Wakati huo mimi, nikiwa kiranja wa maji, nilikuwa nimesimama katika baraza la wanafunzi kutaka bomba la shule lifungwe, wanakijiji wasichote tena. Basi nikataka kujua mambo ya Marconi yaliishaje. Mhariri amenipa nafasi, nami namshukuru.

Marconi alizaliwa katika mji wa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland. Katika masomo ya kawaida kijana huyu hakung'ara, wala hakupata nafasi ya kuingia chuo kikuu. Najua wako miongoni mwetu watakaofurahi kusikia hivyo, lakini wasifanye habari hii kuwa kisingizio. Marconi alisoma kwa bidii sana yale aliyoyapenda, na profesa mmoja jirani yao, Augusto Righi, alimruhusu kufika na kutazama vyombo vyake vya majaribio.

Miaka michache kabla ya hapo Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yaendayo kwa mwendo ule ule wa nuru. Hertz alikufa mwanzo wa mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Marconi, aliyekuwa na miaka 20, alisoma habari zake akajiuliza: ikiwa mawimbi hayo hupita hewani pasipo waya, mbona yasichukue habari za watu?

Akaanza kazi katika dari ya nyumba ya baba yake huko Pontecchio, nje ya Bologna. Kwanza alipiga cheche upande mmoja wa chumba na kengele ikalia upande wa pili. Kisha akatoka nje, akainua waya juu na kuzika mwingine ardhini, na umbali ukaongezeka. Husimuliwa kwamba mwaka 1895 alimtuma kaka yake Alfonso nyuma ya kilima akiwa na chombo cha kupokelea na bunduki. Marconi akabonyeza ufunguo wa mtambo wake, na baada ya kitambo kidogo mlio wa bunduki ukasikika kutoka ng'ambo ya kilima. Mawimbi yalikuwa yamefika mahali ambapo jicho haliwezi kufika.

Mwaka 1896 mama yake alimpeleka Uingereza. Huko mhandisi mkuu wa Posta, William Preece, alimsaidia, na mwaka huo huo Marconi akaomba hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1897 alipeleka habari juu ya maji ya Bristol Channel, na kampuni yake ikaanzishwa. Mwaka 1899 alivusha habari kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa katika kisiwa cha Newfoundland, alirusha tiara lenye waya mrefu katika upepo mkali, akaweka chombo cha kusikilizia sikioni. Alisema amesikia nukta tatu za herufi S zilizopigwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilometa 3,000 ng'ambo ya bahari. Wako wataalamu walioshuku kama kweli alizisikia siku ile. Lakini haukupita muda mrefu kabla mambo hayo kuwa ya kawaida. Wakati huo Marconi alikuwa na miaka 27.

Hapa ndipo taabu yake ilipoanza, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Simu ya waya kila mtu ana waya wake. Simu ya upepo haina waya. Wote hutumia hewa ile ile. Tena mitambo ya cheche ya siku zile ilikuwa kama mtu anayepiga kelele sokoni: sauti yake ilienea pote, na aliyekuwa karibu hakuweza kumsikia mwingine. Dawa moja ilikuwa kuupa kila mtambo mtikisiko wake, kama nyuzi za zeze ambazo kila mmoja una sauti yake. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde ndiyo tunayoiita masafa. Mwaka 1900 Marconi alipata hati ya njia yake ya kulinganisha mtambo wa kupeleka na wa kupokea, ijulikanayo hata leo kwa namba yake, 7777. Njia hiyo ilisaidia, lakini haikutosha. Mwaka 1901, katika mashindano ya mashua karibu na New York, makampuni yaliyoshindana kupeleka habari kwa magazeti yalivurugana hewani hata habari zikapotea.

Marconi na kampuni yake wakachagua dawa nyingine. Hawakuuza mitambo yao kwa wenye meli, bali waliikodisha pamoja na mpiga simu. Mpiga simu huyo alikuwa mtumishi wa kampuni, naye aliamriwa asijibu meli wala stesheni yenye mtambo wa kampuni nyingine, isipokuwa penye hatari. Nilipoisoma sababu yao, nilijiona mwenyewe. Walisema wao ndio waliotangulia, wao ndio waliotumia fedha kujenga stesheni za pwani. Kwa nini waliokuja nyuma wale bure? Hayo ndiyo maneno niliyoyasema mimi barazani juu ya bomba. Kisima ni cha shule, pampu ni ya shule, na kiangazi kilikuwa kikali.

Mwaka 1902 Prinsi Heinrich, ndugu wa Mfalme wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani katika meli iitwayo Deutschland. Meli hiyo ilikuwa na mtambo wa Kijerumani, na stesheni za Marconi hazikuijibu. Wajerumani walikasirika sana. Mwaka uliofuata waliita mataifa kadhaa mjini Berlin kushauriana juu ya jambo hilo.

Mwaka huo huo wa 1903 Marconi alipata aibu nyingine. Rafiki yake, Profesa Fleming, alikuwa akionyesha simu ya upepo mbele ya watu wengi mjini London, tayari kupokea habari kutoka Poldhu. Kabla ya habari hiyo kufika, chombo kikaanza kugonga maneno ya dhihaka juu ya Marconi. Mtu mmoja aitwaye Nevil Maskelyne alikuwa ameweka mtambo wake si mbali na pale, kwa makusudi. Fleming alighadhibika akaandika gazetini kulaumu. Maskelyne alijibu kwamba alitaka kuonyesha ya kuwa hewa haifungwi kwa kufuli, na ya kuwa mambo aliyojisifia Marconi juu ya usiri hayakuwa kweli. Kwa maoni yangu tendo lake halikuwa la adabu, lakini hoja yake ilikuwa sahihi.

Mwaka 1906 mataifa yalikutana tena Berlin yakafanya mapatano. Stesheni yoyote ya pwani ilipaswa kupokea habari za meli yoyote bila kuuliza mtambo wake umetengenezwa na nani. Yaliwekwa mawimbi ya meta 300 na meta 600 kwa simu za watu wote, na mengine yakawekwa kwa kazi za serikali. SOS ikawa alama ya kuomba msaada. Kampuni ya Marconi ilipinga, lakini mapatano yakaanza kutumika mwaka 1908. Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye akagawana na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, ambaye kazi yake ilikuwa mojawapo ya misingi ya mitambo ya Kijerumani iliyokuwa ikinyimwa majibu.

Sasa nafika usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Meli kubwa Titanic ilikuwa katika safari yake ya kwanza kwenda New York. Wapiga simu wake wawili, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa watumishi wa kampuni ya Marconi. Chombo chao kilikuwa kimeharibika wakakitengeneza, na salamu za abiria zilikuwa zimerundikana. Phillips alikuwa akizipeleka stesheni ya Cape Race, huko Newfoundland. Meli nyingine, Californian, ambayo haikuwa mbali, ikamwita kumwarifu kwamba imesimama katikati ya barafu. Sauti yake, kwa kuwa ilikuwa karibu, ikafunika sauti ya Cape Race. Phillips akamwambia mwenzake anyamaze, yeye ana kazi. Mpiga simu wa Californian alikuwa peke yake, tena alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi. Mnamo saa 5 na nusu usiku akafunga mtambo akalala. Kama dakika 10 baadaye Titanic ikagonga barafu. Ikaita na kuita, lakini meli ya jirani haikuwa na sikio lililo macho. Meli iliyosikia na kuja ni Carpathia, nayo ilikuwa mbali. Watu kama 700 wakaokolewa. Zaidi ya 1,500 wakafa, na Phillips alikuwa mmoja wao. Aliendelea kuita msaada karibu hata mwisho.

Nimeifikiria habari hii mara nyingi. Hawa wawili hawakuwa wa makampuni mawili yenye ugomvi. Wote walitumia mitambo ya Marconi. Kosa lilikuwa katika desturi yenyewe. Hapakuwa na kanuni imara ya nani atangulie na nani apishe. Salamu za abiria zilipishana hewani na habari ya hatari kama vile zina uzito mmoja.

Marconi alikuwa New York wakati huo. Watu walimshukuru kwa wale 700, nao walikuwa na haki, kwa maana bila simu ya upepo hata hao wasingepona. Lakini mataifa hayakutosheka na shukrani. Katika miaka iliyofuata yaliagiza meli kubwa ziwe na mtu wa kusikiliza usiku na mchana. Baadaye ikawekwa kanuni moja niipendayo kuliko zote. Katika wimbi lile la meta 600, mara mbili kila saa, kwa dakika 3, kila meli na kila stesheni ilinyamaza na kusikiliza, ili mwenye shida, hata mwenye mtambo dhaifu, apate kusikika. Saa za ukutani katika vyumba vya simu melini zilipakwa rangi nyekundu penye dakika hizo. Desturi hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1990, meli zilipohamia mitambo mipya.

Mwaka 1912 vile vile Marekani ilitunga sheria ya redio. Watu binafsi waliojichezea mitambo majumbani walilaumiwa kwa kuvuruga hewa, wakasukumwa kwenye mawimbi ya meta 200 na mafupi zaidi. Wakati ule wakubwa wengi waliamini mawimbi mafupi hayafai kwa safari ya mbali. Watu hao hawakununa. Walipokuwa wamepewa makombo, waliyafanyia kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakavuka Bahari ya Atlantiki kwa mitambo midogo. Marconi mwenyewe, aliyekuwa amejenga stesheni kubwa za mawimbi marefu kwa gharama nyingi, alirudi kuyachunguza mawimbi mafupi. Mwaka 1923 alisafiri katika meli yake Elettra mpaka visiwa vya Cape Verde, akisikiliza mawimbi mafupi kutoka Poldhu njia nzima. Toka mwaka 1926 kampuni yake ilianza kuunganisha Uingereza na Kanada, kisha Australia, Afrika ya Kusini na India kwa njia hiyo. Waliokuwa wa pili hewani walikuwa wamewafungulia njia waliokuwa wa kwanza.

Sitaki kuficha yasiyopendeza katika maisha yake. Mwaka 1923 Marconi aliingia chama cha Mafashisti cha Mussolini, na mwaka 1930 Mussolini akamfanya rais wa Chuo cha Kifalme cha wasomi wa Italia. Mtu aliyewapa watu njia ya kusemezana mbali alikubali kuitumikia serikali iliyowaziba wengine midomo. Hilo ni doa, nami nadhani ni haki kulitaja hata katika gazeti la shule.

Marconi alikufa mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63. Kwa heshima yake stesheni za redio za Uingereza zilinyamaza kwa dakika 2. Mtu ambaye wapiga simu wake walikatazwa kuwajibu wengine aliagwa na hewa iliyokaa kimya.

Mwalimu wetu alinieleza kwamba mambo hayo hayakwisha naye. Hata leo masafa ni yale yale, na wanaoyataka wameongezeka: redio, televisheni, simu za mkononi, ndege na meli. Katika kanuni za mataifa ya siku hizi wako watumiaji wa kwanza na watumiaji wa pili wa masafa. Wa kwanza wana haki ya kulindwa. Wa pili wanaruhusiwa, lakini wasiwasumbue wa kwanza, wala wasilalamike wakisumbuliwa nao. Wataalamu wamegundua ya kuwa masafa mengi yaliyokwisha kugawiwa hukaa bure mahali fulani au saa fulani, kama shamba lenye mwenyewe lakini halilimwi. Mwaka 2013 huko Nanyuki, kwa majirani zetu wa Kenya, palianzishwa jaribio la kupeleka intaneti kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika mahali pale.

Tena wako wanaofikiri mbali zaidi, kwamba wa kwanza na wa pili wasivumiliane tu, bali wasaidiane. Tuseme mtambo wa kwanza unapeleka habari kwa mtu aliye mbali, na habari zinafika hafifu, zikirudiwa rudiwa na kula muda. Mtambo wa pili umesimama katikati ya njia. Ukizipokea habari hizo na kuzisukuma mbele, zinafika upesi, na muda uliobaki unapewa huo wa pili kwa kazi zake mwenyewe. Hivyo wa kwanza hapotezi kitu, naye wa pili hali bure.

Sasa nirudi kwenye bomba letu. Siku moja ya kiangazi mama mmoja alikuja na ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha nikamnyima maji. Aliondoka bila neno. Usiku ule nilikuwa nikisoma habari za Californian, na usingizi haukuja.

Katika baraza lililofuata niliomba ruhusa nikaliondoa ombi langu. Wenzangu wengine hawakupenda, na mmoja alisema nimegeuka kinyonga. Nikawaeleza kwamba sikusema shule isitangulie. Kisima ni cha shule, na shule ndiyo ya kwanza. Nilichosema ni kwamba toka saa 3 hadi saa 6 sisi tumo darasani, na bomba halina mtu. Mkuu wa Shule alilipeleka jambo hilo kwa mwenyekiti wa kijiji, wakapatana. Wanakijiji huchota saa hizo. Tangi likishuka chini ya alama nyekundu, mlinzi hufunga, nao husubiri bila ugomvi. Kwa upande wao walikuja na majembe, wakachimba mtaro wa bomba mpaka mabweni ya chini, kazi iliyokuwa imetushinda mwaka mzima.

Leo ni wiki ya sita. Mara mbili tangi limeshuka, na mara zote mbili walisubiri. Mabweni ya chini yanapata maji jioni. Yule mama nimemwona tena bombani, nikamwamkia, nikamshikia ndoo alipokuwa akijitwisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne